Neno la Toleo Hili: Kujitolea si Kutolewa

Neno la toleo hili hulisikia kila Jumapili yeyote anayesali katika makanisa ya Yeoville, Berea au Hillbrow, kule ambako Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi hukaa benchi moja na kile cha Nairobi na Dar es Salaam. Matangazo yakikaribia kwisha, mchungaji husema: "Tunahitaji vijana wa kujitolea." Wa kufundisha Shule ya Jumapili, wa kushika mitambo ya sauti, wa kupokea wageni mlangoni (ndugu zetu wa Kongo huwaita protokoli), wa kupanga viti, wa kwenda kuwajulia hali wagonjwa. Mikono huinuka. Mingi ni ya wanafunzi, na baadhi ya wenye mikono hiyo ni wasomaji wa jarida hili.

Miezi sita baadaye mikono ile haionekani tena. Mmoja amehamia kanisa jingine bila kuaga. Mwingine anaingia ibada ikishaanza na kutoka kabla ya baraka ya mwisho, asije akakamatwa mlangoni na kupewa kazi. Wazee husema vijana wa siku hizi wamepoa. Safu hii ina maoni mengine: wengi wao hawakupoa, walichoshwa. Na namna ya kuwaongoza wasichoke imo ndani ya neno lenyewe, tukilichambua kama tunavyofundishwa darasani.

Tuanze na mzizi. Kitenzi ni "toa". Kikiingia katika kauli ya kutendea kinakuwa "tolea", yaani kutoa kwa ajili ya mtu au jambo. Tukitia kiambishi "ji-" cha kujirejea tunapata "jitolea": mtu anajitoa mwenyewe kwa ajili ya jambo. Wenzetu wanaozungumza isiZulu watalitambua umbo hili mara moja, maana "ukuzinikela" limejengwa vivyo hivyo: "zi-" ya kujirejea, kisha kitenzi cha kutoa chenye kiambishi cha kutendea. Sesotho nayo ina "ho ithaopa", na hapo "i-" ndiyo inayofanya kazi ya "ji-" yetu. Lugha tatu za Kibantu, na zote zimeona kwamba anayetoa na kinachotolewa ni mtu yule yule.

Kwa hiyo "ji-" ina mwenyewe. Hakuna anayeweza kumjitolea mwenzake. Mchungaji hawezi kusema "nimemjitolea Yohana kwenye kamati ya chakula", ingawa vitendo vya baadhi yetu husema hivyo hivyo: jina la mtu linasomwa kwenye orodha naye hajaulizwa. Hapo "ji-" imeondoka na kitenzi kimegeuka kuwa cha kutendwa. Hakujitolea, ametolewa. Mbuzi wa kafara hutolewa, hajitolei.

Tanzania wanaijua tofauti hii hadi jeshini. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, hupokea vijana wa aina mbili, na kila aina ina jina lake: wapo wa kujitolea, na wapo wa mujibu wa sheria. Wanafanya mchakamchaka uwanja mmoja, lakini hakuna anayewachanganya kwa jina. Kanisani tunawachanganya. Tunamwita mtu wa kujitolea, kisha tunamwongoza kama wa mujibu: akichelewa tunamfokea, akikosa tunamsema, akiomba kupumzika tunamuuliza kama bado ameokoka.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hawalijui. Afrika Kusini ina Sheria ya Masharti ya Msingi ya Ajira, namba 75 ya mwaka 1997. Sheria hiyo inamwekea mwajiri mipaka: saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho kuwe na mapumziko ya saa 12, na kila wiki kuwe na mapumziko ya saa 36 mfululizo. Lakini mwanzoni kabisa sheria inataja wasiohusika nayo, na miongoni mwao ni watu wanaojitolea bila malipo katika taasisi inayofanya kazi za hisani. Mlinzi wa geti la kanisa, kama ameajiriwa, ana sheria inayohesabu saa zake. Kijana anayefundisha watoto ndani ya geti hilo hilo hana.

Sisemi sheria imekosea. Kujitolea kukiwekewa kanuni zote za ajira kutakuwa ajira. Lakini matokeo yake ni kwamba saa za kijana huyu hazina wa kuzihesabu isipokuwa kiongozi wake. Hebu tuzihesabu kwa mwanafunzi mmoja wa kubuni, wa mwaka wa pili. Jumatano kikao, muda wa saa 2. Ijumaa kesha, saa 6. Jumamosi mazoezi ya kwaya, saa 4. Jumapili tangu kufungua mlango hadi kukunja nyaya za vipaza sauti, saa 7. Jumla ni saa 19 kwa wiki, juu ya masomo, na pengine juu ya kibarua cha kutafuta kodi ya chumba. Kila shughuli peke yake ni ndogo, na kila aliyeiomba aliomba kwa upole. Waliomba watu wanne tofauti, na hakuna kati yao aliyejumlisha.

Kiongozi mzuri huanza hapo, kwa kujumlisha. Kabla ya kumwongezea mtu kazi anauliza ameshabeba nini. Tuna msemo wa kejeli, punda afe mzigo ufike. Kwenye vikao vya maandalizi ya mikutano ya injili nimeusikia ukisemwa kama sifa, kana kwamba ni kauli ya ushujaa. Aliyeutunga msemo hakuwa akimsifu mwenye punda.

Baada ya kujumlisha, yapo mambo manne ambayo kiongozi yeyote anaweza kuyafanya hata kama kanisa halina fedha.

La kwanza, kazi iwe na mwanzo na mwisho. "Utatusaidia na watoto" haina mwisho, na kijana akitaka kuiacha lazima aonekane msaliti. Afadhali kusema: "Utafundisha watoto wa miaka 6 hadi 8, Jumapili mbili kwa mwezi, kuanzia Februari hadi Mei, pamoja na mwenzako fulani. Mwishoni mwa Mei tutakaa tuulizane kama unaendelea." Mtu akijua mlango wa kutokea uko wapi haogopi kuingia. Na Mei ikifika muulize kweli, na akisema ametosheka, mshukuru mbele ya watu. Akiondoka kwa amani hurudi.

La pili, nauli na usalama wa njiani. Kujitolea kunasemekana ni bure, lakini teksi za Johannesburg hazipandwi bure, na mtu anayekaa Soweto au Tembisa akija mazoezi katikati ya jiji anapanda zaidi ya gari moja. Mwanafunzi hasemi hana nauli. Anasema ana kazi ya darasani, nawe unamwandika mvivu. Kanisa likishindwa kulipa nauli, lipange mazoezi karibu na watu walipo, au siku ambayo tayari wapo. Zaidi ya hapo, mazoezi yasivuke machweo kama hakuna mpango wa kurudi nyumbani. Kiongozi mwenye gari anayewaaga vijana wake gizani pale kwenye kona ya Rockey Street na kuondoka zake hajamaliza kazi ya siku hiyo.

La tatu, kalenda ya chuo. Mitihani yetu ni Juni na Novemba, na mikutano mikubwa ya makanisa hupenda sana kuangukia humo humo. Kiongozi wa vijana na awe na kalenda ya masomo ukutani kando ya ile ya kanisa. Wiki tatu kabla ya mitihani wanafunzi wapunguziwe zamu, na zamu hizo wazishike watu wazima wenye kazi zao, ambao mwezi wa masika na mavuno ya kanisa huwaachia vijana kila kitu. Mzazi aliye Goma au Kigoma alimtuma mtoto wake huku kusoma. Akifeli kwa sababu ya kwaya, jina la kanisa halitatajwa vizuri katika nyumba hiyo.

La nne, haki ya kusema hapana. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa kutomkatalia mkubwa. Baba Mchungaji akiomba, nani atasema hapana? Kijana atasema "ndiyo, Baba", kisha hatakuja. Wageni husema hatutegemeki, kumbe tumekataa kwa adabu. Basi kiongozi ndiye amrahisishie mwenzake kukataa: aulize faraghani badala ya mbele ya watu, ampe siku mbili za kufikiri, naye mwenyewe aseme, "Ukiona huwezi, niambie, nami sitakuuliza sababu." Ndiyo ya mtu aliyekuwa na nafasi ya kusema hapana unaweza kuiandika kwenye ratiba.

Najua jibu litakalotolewa hapa. Hii ni kazi ya Mungu, utaiwekeaje mipaka kama ofisi? Lakini wanaosoma Kutoka sura ya 18 wanamkumbuka Yethro. Alimkuta mkwewe Musa ameketi kutwa nzima akiamua mashauri ya watu, nao watu wamesimama mbele yake asubuhi hadi jioni. Yethro hakumsifu kwa bidii. Alimwambia jambo hilo si jema, kwamba atajichosha yeye pamoja na watu wake, akamshauri ateue wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Kazi ile ilikuwa ya Mungu pia, na mshauri alikuwa baba mkwe aliyekuja kuwatembelea. Angalieni pia hesabu yake: ngazi ya chini kabisa ni watu kumi. Kiongozi mmoja wa vijana mwenye watu arobaini wa kujitolea hawezi kujua nani ana msiba. Mwenye kumi anaweza.

Jiji letu lenyewe lina mfano mkubwa wa kujitolea, na tunapita mbele yake tukienda mjini. Katika mtaa wa Pritchard lipo kanisa la Methodisti ambalo, chini ya Askofu Paul Verryn, lilifungulia milango watu wasio na pa kulala, wengi wao Wazimbabwe. Mei 2008, vurugu dhidi ya wageni zilipoanzia Alexandra na kusambaa hadi watu 62 wakapoteza maisha, jengo lile lilikuwa kimbilio la maelfu. Watu walilala ukumbini, kwenye korido, hata kwenye ngazi. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na zahanati pale. Hali hiyo iliendelea kwa miaka, hadi mwishoni mwa 2014.

Nani alikuwa akijitolea humo? Wako waliotoka nje, lakini kazi nyingi za kila siku zilibebwa na waliokuja kuomba hifadhi. Julai 2008 ilifunguliwa Shule ya Albert Street kwa ajili ya watoto wa wakimbizi, na walimu wake wengi walikuwa wakimbizi wenyewe, watu waliokuwa wamefundisha kwao kabla ya kuvuka mpaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naiona pia kama heshima: siku ya tatu mgeni ameacha kuwa mzigo, amekuwa mtu wa nyumbani mwenye shamba la kulima. Lakini jembe liwe la kazi anayoijua. Pale mwalimu alipewa darasa. Katika makanisa yetu kuna muuguzi kutoka Uvira tunayempa fagio kila Jumamosi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kufika hapa.

Mfano ule una upande wa pili. Katika jengo lililojaa namna ile waliishi pia watoto waliokuja bila wazazi, na yakaibuka hadharani maswali mazito juu ya usalama wao. Sina nia ya kuhukumu watu waliofungua mlango wakati wengine waliufunga. Ninachokichukua ni hiki: moyo wa kutoa hauondoi haja ya utaratibu, na penye watoto utaratibu hutangulia.

Hapa sheria inamhusu anayejitolea kikamilifu. Sheria ya Watoto, namba 38 ya mwaka 2005, imeanzisha daftari la taifa la ulinzi wa watoto, na Sehemu B ya daftari hilo ina majina ya watu walioonekana hawafai kufanya kazi na watoto. Lipo pia daftari la taifa la wakosaji wa makosa ya kingono, lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2007. Kabla ya kumkabidhi mtu darasa la watoto, kanisa liombe jina lake likaguliwe. Sheria hiyo hiyo ya Watoto, kifungu cha 110, inamtaja kiongozi wa dini miongoni mwa wanaolazimika kutoa taarifa wanapokuwa na sababu za msingi za kuamini mtoto ametendewa ukatili. Kulimaliza suala kama hilo kikanisa, kwa maombi na kikao cha wazee, hakuruhusiwi. Nyumbani tumezoea kumwamini mtu kwa sababu tunamjua mama yake. Huku hatumjui mama yake, na hata kule kumjua mama hakukutosha.

Iwe kanuni pia kwamba hakuna mtu mzima anayebaki chumbani peke yake na mtoto. Wafundishe wawili wawili. Kanuni hii inamlinda mtoto kwanza, na inamlinda kijana anayefundisha asije akasingiziwa. Mwelezeni hivyo siku ya kwanza, asidhani anashukiwa.

Swali la mwisho ni nini hufanyika baada ya kazi. Mwaka 1925, huko Ubelgiji, padri Joseph Cardijn alianzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo, na Tanzania wanakijua kwa jina la VIWAWA, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Chama hicho kilifika Afrika Kusini pia, na wakati wa ubaguzi wa rangi baadhi ya viongozi wake waliwekwa kizuizini. Njia yake ina hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Vijana wenyewe hutazama hali waliyo nayo, huipima kwa Injili, kisha hutenda, na baadaye hukutana tena kutazama walichotenda. Uzuri wake ni kwamba kijana haitwi ili atekeleze uamuzi uliokwisha kufanywa na wakubwa. Anaitwa tangu hatua ya kuona. Aliyeshiriki kuona tatizo hahitaji kusukumwa kulitatua.

Makanisa mengi tuna hatua moja tu, kutenda. Jaribuni nusu saa kwa mwezi, chai na maandazi mezani, na maswali matatu: Umeona nini katika kazi yako? Nini kimekuchosha? Tubadili nini? Kiongozi asikilize, aandike, na mwezi unaofuata aanze kwa kusema ni lipi limebadilishwa. Kikao kama hicho kina faida kwa anayejitolea kuliko cheti cha shukrani kinachotolewa Desemba, ingawa cheti nacho si kibaya, hasa kikiandikwa kazi halisi aliyoifanya na kwa muda gani, akaweza kukionyesha anapotafuta ajira.

Kwaya za nyumbani zina mwenyekiti, katibu na mhazini, na pembeni yao kuna mtu anayeitwa mlezi. Jina lake linatokana na "lea", kitenzi cha mzazi. Mlezi haimbi wala haongozi vikao, lakini anajua nani hajala, nani amefiwa, nani ana mtihani kesho. Nadhani kila kikundi cha vijana katika jiji hili kinahitaji mtu wa namna hiyo kabla ya kuhitaji spika mpya. Wahenga wamesema kutoa ni moyo, si utajiri. Basi anayepokea kilichotoka moyoni ajue amepokea nini, na alichopokea hapa ni mtu.

Zoezi la toleo hili. (1) Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti ya "alijitolea" na "alitolewa". (2) Katika lugha ya kwenu, neno la kujitolea lina kiambishi cha kujirejea? Kitaje. (3) Kwa wanaoongoza vijana: andika majina ya watu wako wa kujitolea, na mbele ya kila jina idadi ya saa anazotoa kwa wiki. Majibu ya maswali mawili ya kwanza yaleteni kwenye kikao cha klabu. La tatu lipelekeni kanisani.